Chesisi ya Hilux imepata ufa kwenye hanga: niivalishe bati la milimita 6?

Swali: Nina Hilux ya milango minne ya mwaka 2008, dizeli. Msimu wa wageni napeleka vifaa vya kambi kutoka Mto wa Mbu hadi Ziwa Natron karibu kila wiki. Nyuma napakia pipa la maji la lita 200, jenereta, mahema na magodoro, na kwenye bampa la chuma nililotengenezesha nimefunga matairi mawili ya akiba na madumu ya dizeli. Springi za nyuma nimeziongezea majani mawili kila upande. Juzi fundi alipoosha chesisi aliona ufa kwenye hanga (kile kishikio kinachofunga springi kwenye chesisi) ya mbele ya springi ya nyuma, upande wa kushoto. Picha nimeituma. Anasema dawa ni kuivalisha chesisi bati la milimita 6, ndani na nje, kuanzia nyuma ya kebini hadi mkiani, na kuchomelea mfululizo bila kuacha nafasi. Je, nikubali? Na naweza kumaliza safari za mwezi huu kwanza?

Jibu: Bati hilo refu likatae. Ufa unatibika, na pale penye hanga panahitaji kweli kuongezewa chuma, lakini chuma kidogo, chenye umbo maalumu, kwenye sehemu moja. Fundi wako ameona ugonjwa sahihi akaandika dawa ya ugonjwa mwingine. Safari za mwezi huu nitazijibu mwishoni, kwa sababu jibu lake linategemea ufa umefika wapi.

Tuanze na kwa nini imepasuka hapo na si kwingine. Chesisi ya pikapu ni reli mbili ndefu zilizounganishwa na krosimemba, yaani vyuma vinavyokingama kati yake. Reli hizo hazikai tuli hata siku moja. Tairi la kushoto likipanda jiwe huku la kulia limo shimoni, chesisi nzima inajisokota. Gari likidundwa, inapinda juu na chini. Chuma kinavumilia hayo miaka mingi, ili mradi mkazo usambae kwenye urefu wote wa reli. Shida huanzia pale ambapo ugumu unabadilika ghafla: palipochomelewa hanga nene kwenye reli nyembamba, penye tundu, penye kona kali. Mkazo unajikusanya hapo na ufa unazaliwa hapo. Kwenye picha yako umeanzia kwenye kona ya mchomeleo wa hanga, ukapanda kwenye ubavu wa reli. Ndipo mahali pake hasa.

Sasa fikiria bati la milimita 6 lililogandishwa kwenye reli yenye chuma cha kama milimita 3. Pale bati linapoishia nyuma ya kebini, upande mmoja una chuma kigumu kisichosogea, na upande wa pili reli ile ile ya zamani. Msokoto wote uliokuwa unagawanywa kwenye mita mbili sasa unamiminika kwenye mstari mmoja, na kwenye mstari huohuo kuna mchomeleo wa wima uliokwisha kuudhoofisha kwa moto. Miezi kadhaa baadaye utarudi gereji na ufa mpya, mbele zaidi, chini ya kebini, mahali ambapo kuutengeneza ni kazi mara tatu ya huu. Nimeona magari ya namna hiyo mengi kuliko nilivyoona chesisi zilizopasuka kwa sababu chuma cha kiwandani kilikuwa chembamba.

Kuna na uzito. Bati la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 10 na unene wa milimita 6 lina zaidi ya kilo 9. Ndani na nje, kwa reli zote mbili, ni karibu kilo 38 za mzigo usioshuka kamwe. Na faida yake ni ndogo kuliko inavyoonekana. Reli inapopinda, mkazo mkubwa uko juu na chini, kwenye ngozi za nje. Katikati ya ubavu mkazo unakaribia sifuri. Kinachoipa reli nguvu ya kukataa kupinda ni kimo chake: ukiongeza kimo mara mbili, kipande cha chuma kinakuwa kigumu mara nane, ukiongeza unene mara mbili, kinakuwa kigumu mara mbili tu. Bati la ubavuni linaongeza unene.

Kwenye picha reli yako imefungwa pande zote nne, yaani ni bokisi. Hiyo ni bahati kwako. Wapo wenye pikapu za zamani na malori ya Fuso au Isuzu ambao reli zao ni za herufi C, upande mmoja wazi, nao huambiwa "funga huo upande iwe bokisi". Tofauti ya bokisi na C katika kukataa kusokotwa ni kubwa mno: chukua reli ya milimita 100 kwa 50, chuma cha milimita 3, piga hesabu ya vitabuni, utakuta iliyofungwa ni ngumu kama mara 500 kuliko ile ya wazi. Ndiyo maana kuifunga nusu na kuacha nusu ni hatari. Lori la C limetengenezwa lijisokote kwa makusudi. Ukiligandisha katikati, ncha za bokisi lako ndizo zitakazolia. Ila wewe hilo halikuhusu.

Linalokuhusu ni mzigo, na hapa nitakukera kidogo.

Hilux ya milango minne hubeba karibu tani moja, watu na mizigo pamoja. Watu watano wazima ni kama kilo 350. Maji ya pipa ni kilo 200 kabla ya pipa lenyewe. Ongeza jenereta, mahema, magodoro, bampa la chuma, matairi mawili na rimu zake, madumu. Sijapima gari lako, lakini hata kabla ya mzani naona umefika au umepita. Na zaidi ya kiasi, tazama mahali. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma Hilux yako ina mita 3.085. Kila kilo 100 unazoning'iniza kwenye bampa, tuseme mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, zinaibebesha ekseli hiyo kilo 139, kwa sababu zinainua pua ya gari kwa kilo 39. Chesisi ndiyo inayolipa tofauti hiyo: mkia unavutwa chini, pua inanyanyuka, na reli inapindishwa kati ya hanga na kebini. Hiyo ni gari likiwa limesimama. Likitua baada ya tuta, mzigo huo unafanya kazi kama umezidishwa mara 2 au 3. Bampa lako, matairi mawili na madumu vikifika kilo 150, basi kila unapotua mkia unavutwa kama umepakia ng'ombe.

Australia, ambako pikapu za milango minne huvuta nyumba za magurudumu jangwani, chesisi zilizopinda nyuma ya kebini zimekuwa habari ya kawaida, na si kwa aina moja ya gari. Ukiangalia magari hayo, utaona hadithi inajirudia: mzigo mzito nyuma ya ekseli, mwendo mkubwa kwenye barabara mbovu, na mara nyingi mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Mifuko hiyo inaingia kwenye kesi kwa sababu springi ya majani inashika chesisi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli, lakini mfuko unaisukuma juu mahali pamoja, katikati, huku mkia ukivutwa chini. Kwa hiyo ukishauriwa kuweka mifuko badala ya bati, kataa pia, mpaka mzigo upungue.

Majani mawili uliyoongeza nayo yana mchango wao. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi haimezi pigo. Inalipitisha lote kwenye hanga. Gari likiwa tupu, kila jiwe linagonga chesisi moja kwa moja. Barabara ya Natron, wanaoipita wanajua, ina yale matuta madogo ya mfululizo yanayotikisa hadi meno. Si pigo moja kubwa linalopasua chuma huko, ni maelfu ya mapigo madogo kwa saa. Chuma kinachoka.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe, maana najua ndiyo uliyoitaka.

Kwanza ufa upimwe. Osha sehemu hiyo hadi chuma kionekane, ondoa rangi kwa brashi ya waya. Kama una dawa ya rangi nyekundu ya kutafutia nyufa, vizuri. Kama huna, chukua mafuta ya taa na chaki nyeupe. Paka mafuta ya taa, yaache yajipenyeze, kisha futa kabisa hadi pakauke. Saga chaki, paka unga wake, halafu gonga reli kwa nyundo ndogo. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Utashangaa: ufa ulioonekana wa sentimita tatu utaukuta wa tano. Fanya hivyohivyo upande wa kulia, kwenye hanga za nyuma, kwenye vishikio vya shokapu, na pale mpira wa kugongea ulipofungwa juu ya ekseli. Gari lililopasuka kushoto mara chache liko zima kulia.

Hapohapo gonga reli nzima kwa nyundo. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Magari mengi yetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na yaliyotembea kwenye mikoa ya theluji kama Hokkaido yamekula chumvi ya barabarani kwa miaka. Kutu ya namna hiyo huanzia ndani ya bokisi, nje unaona rangi nzuri. Marekani, Toyota ilikubali mwaka 2016 kumaliza kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia kwa makubaliano yaliyotajwa kufikia dola bilioni 3.4, kwa hiyo usidhani ni jambo la magari ya ovyo tu. Nyundo ikizama, acha mazungumzo ya kuchomelea. Chuma kilichooza hakishiki mchomeleo.

Chuma kikiwa kizima, shusha mzigo wote. Legeza boliti za bodi ya nyuma, vijana waiinue itoke; kuchomelea ukiwa umelala chini ya gari, cheche zikikuingia kolani, hakutoi kazi nzuri. Chesisi ikalie stendi kwenye sehemu inazobebwa na ekseli, si jeki moja katikati, maana ukichomelea ikiwa imepinda unaigandisha na kupinda kwake. Pima kwa futi kona kwa kona, msalaba: vipimo viwili vikitofautiana, chesisi imekwenda upande, na hapo inahitaji mashine ya kunyoosha kabla ya rodi ya kuchomelea kugusa chochote. Toa waya wa hasi wa betri, na kwa dizeli ya kompyuta kama yako chomoa na soketi za kompyuta yenyewe. Ethi ya mashine, yaani ule waya wa kurudishia umeme, ifungwe karibu kabisa na mchomeleo, kwenye chuma kitupu. Ikifungwa mbali, umeme utatafuta njia kupitia bearingi za difu na propela shafti na kuziachia madoa. Mabomba ya breki, nyaya na bomba za mafuta zinazopita kando ya reli zifunguliwe au zisogezwe. Tanki la mafuta lishushwe. Na uwepo mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu nta na grisi iliyomo ndani ya bokisi huwaka bila kukuaga.

Ukishajua ncha ya ufa, toboa tundu la milimita 5 au 6 kwenye ncha hiyo. Tundu la duara linaukata ufa njia; bila hilo utachomelea juu na ufa utaendelea chini kwa chini. Halafu fungua ufa kwa grinda uwe na umbo la V, karibu unene wote wa chuma, ili mchomeleo ushike hadi ndani. Mchomeleo wa kupaka juu juu ni plasta tu.

Kuhusu rodi: gereji nyingi za barabarani zinatumia 6013, geji 12 au 10, kwa kila kitu, kuanzia geti hadi chesisi. Ni rodi nzuri kwa geti. Kwa kazi hii omba 7018, na uhakikishe ni kavu. Rodi hiyo ikivuta unyevu inaingiza hidrojeni ndani ya mchomeleo na kuzaa nyufa usizoziona. Ndiyo maana wanaojali huihifadhi kwenye tanuri dogo la nyuzi 120 hadi 150 baada ya pakiti kufunguliwa. Pakiti iliyokaa wazi sakafuni tangu mvua za masika, usiipokee. Kama fundi ana mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya badala ya rodi, na waya wa ER70S-6, ni afadhali zaidi kwa chuma chembamba cha namna hii.

Achomelee vipande vifupi vya sentimita 3 au 4, aruke upande, arudi, ili joto lisirundikane. Na apaache papoe penyewe. Ile tabia ya kumwagia maji ili kazi iendelee, nakuomba usimame hapo na umkataze. Chuma kilichopoozwa ghafla kinakuwa kigumu na kuvunjika kama kigae, pembeni kabisa mwa mchomeleo.

Mchomeleo ukikamilika, usagwe usawa na reli, ndipo bati lije. Unene wake ufanane na wa reli, milimita 3, ukizidi sana 4. Lifunike ufa na kupita mbele na nyuma ya hanga, sentimita 15 hivi kila upande. Ncha zake zisikatwe mraba. Zikatwe kama mkia wa samaki au ncha ya almasi, ili ugumu upungue polepole na pasiwe na mchomeleo wa wima unaoikata reli kutoka juu hadi chini. Kingo za bati zikae mbali na kona za juu na chini za reli kwa upana wa kidole gumba; zile kona ndizo zenye mkazo mkubwa, usizichome. Katikati ya bati toboa matundu machache na uyajaze mchomeleo, ili bati na reli vifanye kazi pamoja. Matundu ya kiwandani ya kutolea maji yasizibwe: matope ya Engaruka yakibaki ndani ya bokisi, mwaka ujao tutazungumza kutu. Fanya upande wa kulia pia, hata kama hauna ufa, ili reli zibaki sawa.

Baadaye rangi ya kuzuia kutu nje, na ndani ya bokisi nta au mafuta mazito ya kunyunyizia kwa bomba refu, kwa sababu joto limekwisha kuunguza kinga iliyokuwemo. Wengi hupaka oili chafu. Inasaidia kidogo, lakini inashika vumbi na kula mipira ya bushi.

Fundi wa kazi hii hutampata mbali. Arusha kuna gereji zinazokata na kurefusha chesisi za Land Cruiser kwa ajili ya utalii. Nenda ukaone kazi yao kabla haijapakwa rangi. Ukikuta wamekata reli kwa mshazari au kwa ngazi na kuweka chuma cha ndani cha kuunganishia, wanajua wanachofanya. Ukikuta mkato wa wima ulionyooka, endelea kutafuta.

Kisha panga upya gari. Pipa lihamie mbele, liegemee nyuma ya kebini. Maji yagawanywe kwenye madumu ikibidi, yasicheze. Tairi moja la akiba lirudi chini ya bodi lilipokuwa. La pili na dizeli viingie ndani, mbele ya ekseli. Bampa hilo la chuma ulipunguze au uliuze. Majani ya ziada yatoe, uweke seti moja ya springi iliyokusudiwa mzigo wako halisi, na shokapu mpya, kwa sababu shokapu zilizokufa ndizo zinazoiacha ekseli igonge juu. Mipira ya kugongea iliyoliwa ibadilishwe. Ni rahisi mno ukilinganisha na kinachovunjika isipokuwepo. Kwenye changarawe punguza upepo hadi pauni 28 hivi ukiwa na mzigo wa wastani, punguza na mwendo, ujaze tena ukifika lami.

Jambo la makaratasi: namba ya chesisi kwa Toyota nyingi za aina hii imegongwa kwenye reli ya kulia, karibu na tairi la mbele. Asiisage mtu wala kuifunika kwa bati. Na ikilazimika siku moja kubadilisha chesisi nzima, nenda TRA (mamlaka ya mapato) kwanza, maana namba mpya lazima iingie kwenye kadi.

Safari za mwezi huu sasa. Chukua mafuta ya taa na chaki leo. Ufa ukiwa bado uko ubavuni tu, haujafika kona ya chini ya reli, endesha taratibu na gari tupu hadi Arusha, kwa lami, na safari za Natron ukodi gari. Ukiwa umezunguka kona na kuingia upande wa chini, gari lipande kwenye lori la kubebea. Reli ya namna hiyo ikikatika hanga inatoka na springi, ekseli inarudi nyuma upande mmoja, na gari linageuka lenyewe kuelekea linakotaka.